Lushoto nalala kama mtoto, Dar nakesha: je, nirudi nyumbani?

Dada shikamoo, pole na majukumu. Naomba usinitaje jina, niite tu binti wa Kimara. Nina miaka 27, kwetu ni Lushoto, Dar huu mwaka wa nne sasa. Nauza mapazia na vitambaa kwenye duka la mtu pale Kariakoo, duka lenyewe liko chini, yaani unashuka ngazi, dirisha hakuna, taa zinawaka toka tunafungua mpaka tunafunga na feni inazungusha joto lile lile.

Dada mimi silali. Naamka saa 11 alfajiri niwahi mwendokasi kabla watu hawajajaa, saa 1 kasoro nishafika mjini, duka tunafungua saa 1 na nusu, kutoka ni saa 2 usiku, mpaka nifike Kimara, nipike, nioge, ni saa 4 na nusu hiyo. Nachoka mpaka miguu inauma. Nikipanda kitandani sasa, macho makavu kabisa! Nageuka huku, nageuka huku, nasikia muziki wa baa ya mtaa wa pili, nasikia mbwa, mtu akipita koridoni nashtuka nahisi anashika kitasa changu, maana naishi peke yangu chumba kimoja, na ile taa ya koridoni inawaka usiku kucha mwanga unaniingilia kwa juu ya mlango. Saa 6, saa 7, saa 8 ndo napotelea, saa 11 alamu. Jumapili ndo nafidia, nafunga pazia nalala mpaka saa 6 mchana, ila Jumapili usiku ndo mbaya kuliko zote.

Imefika miezi mitano. Nimejaribu Piritoni mbili kila usiku, zinanilevya asubuhi napima kitambaa nakosea mita. Nimejaribu video za sauti ya mvua na ndege kwenye simu, nakuta bando limeisha na mi bado nipo macho.

Sasa kilichofanya niandike. Mwezi wa 8 babu yangu alifariki nikaenda nyumbani siku 8. Dada, msibani! Tunalala chini kwenye mikeka, chumba kimoja wanawake saba na watoto, baridi ya Lushoto unaijua, watu wanaongea mpaka usiku, nikajua hapa ndo nitakesha kabisa. Siku ya kwanza na ya pili ikawa kama kawaida yangu, ya tatu nikalala saa 3 usiku nikaamshwa na jogoo. Sikugeuka hata mara moja. Na siku zilizobaki zote hivyo hivyo, mchana nateka maji, nachuma mboga bondeni, natafuta kuni na binamu zangu, jioni tunaota moto. Nimerudi Dar usiku wa kwanza nikalala vizuri, wa tatu nikakesha.

Mama (huwa nampigia kila usiku nikiwa kitandani) anasema niache kazi nirudi nilime karoti na viazi, mjini kumenishinda. Jirani anasema kwenye kile chumba kuna mtu kaweka kitu, kuna mganga Mbezi anasafisha kwa laki na nusu. Mi sitaki kurudi dada, nasomesha mdogo wangu kwa hii kazi. Lakini nisipolala hiyo kazi nitaiweza? Au ni kweli kuna watu miili yao imeumbwa kwa ajili ya shamba, mjini haifai? Nisaidie.

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuondokewa na babu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nataka nianze na kitu ambacho naona wewe hujakiona, kwamba hizo siku 8 za Lushoto zimeshakujibu nusu ya swali. Mwili wako bado unajua kulala. Mtu ambaye usingizi wake umeharibika kabisa ni vigumu kulala kwenye mkeka msibani kwenye baridi na watoto wanalia, halafu asigeuke. Kwa hiyo kuna vitu mwili wako unavipata kule na huku hauvipati, na kazi yetu ni kujua ni vitu gani, maana vingine vinapatikana hapa hapa Dar bila kuacha kazi.

Wakati nasoma nimekumbuka utafiti mmoja wa Marekani. Mwaka 2013 mtafiti anaitwa Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado aliwachukua watu 8 akawapeleka kupiga kambi wiki nzima kwenye milima ya Rocky, bila simu, bila tochi, jua mchana na moto wa kuni usiku, basi. Kabla ya hapo walipimwa wakiwa kwenye maisha yao ya kawaida ya kazini na nyumbani, wanalala usiku wa manane kama wewe. Baada ya wiki moja tu ile homoni inayouambia mwili sasa ni usiku, melatonini, ilikuwa inaanza kupanda mapema kwa kama masaa 2 kuliko mwanzo, karibu na jua linapozama, na wale waliokuwa wanachelewa sana kulala ndo waliobadilika zaidi. Mwaka 2017 wakatoa matokeo mengine, safari hii kuna watu walikaa porini wikiendi moja tu, na mabadiliko waliyopata yalikuwa zaidi ya nusu ya yale ya wiki nzima. Sasa rudi kwenye barua yako: siku mbili za kwanza hulali, ya tatu saa 3 usiku chali. Ni jambo lile lile limekutokea wewe bondeni kwenu.

Kilichofanya kazi kule kwa kiasi kikubwa ni mwanga, na hapa naomba unisikilize vizuri maana wengi wanadhani shida ya usingizi inaanza usiku. Inaanza asubuhi. Sisi saa tunaihesabu toka jua linapotoka si ndiyo, saa 1 ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na mwili nao una saa yake ndani ya ubongo inayohesabu kwa namna hiyo hiyo, inasubiri macho yaone mwanga wa mchana ndo ijue siku imeanza na baada ya masaa mangapi ilete usingizi. (Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufafanua hiyo saa inavyofanya kazi ndani ya seli, kwa hiyo sio hadithi za mitandaoni hizi.) Wewe unatoka nyumbani giza, jua likiwa linachomoza uko ndani ya basi, unashuka ngazi unaingia chini, unatoka giza limeshaingia zamani. Hizo taa za dukani machoni zinaonekana kali lakini duka lenye taa nzuri ni kama laksi 300 mpaka 500 hivi, laksi ndo kipimo cha mwanga, wakati nje hata siku ya mawingu unapata kama elfu 10 na jua kali linakaribia laki moja. Kwa hiyo saa yako ya mwili toka Jumatatu mpaka Jumamosi haijaambiwa na mtu kwamba kumekucha! Halafu usiku inaangaziwa na taa ya koridoni na simu, ndo inachanganyikiwa kabisa, mchana hafifu na usiku hafifu.

Na Jumapili, samahani kukwambia, unaifanya ngumu zaidi. Siku pekee ambayo ungeweza kuliona jua ndo unafunga pazia mpaka saa 6 mchana. Mwili unachukulia kwamba leo kumekucha saa 6, sasa utataka kulala saa 5 usiku vipi? Ndo maana Jumapili usiku ni mbaya kuliko zote. Amka walau saa 1 au saa 2, kama umechoka lala tena mchana nusu saa na uweke alamu.

Kwa hiyo jambo la kwanza na ambalo ukiniahidi hilo tu nitashukuru: unafika mjini saa 1 kasoro na duka linafunguliwa saa 1 na nusu. Hiyo nusu saa unaifanyia nini? Nadhani unakaa kwenye ngazi na simu. Nenda Mnazi Mmoja mdogo wangu, ni hapo hapo pembeni ya Kariakoo, kuna miti na uwazi, tembea taratibu au kaa kwenye kivuli na chai yako, usilitazame jua lenyewe, mwanga wa angani tu unatosha hata ukiwa chini ya mti (kwa hiyo hata mwenye ualbino akae kivulini na kofia, naye anapata). Dar jua linatoka kati ya saa 12 kasoro na saa 12 na dakika 40 mwaka mzima kwa hiyo saa 1 kasoro huwezi kulikosa. Na chakula cha mchana usilie dukani. Muombe bosi wako dakika 20 upande juu ukale nje, mwambie ukweli tu kwamba usingizi unakusumbua na ndo maana unakosea mita, sidhani kama atakataa mtu anayetaka kuacha kumharibia vitambaa.

Giza sasa. Taa ya koridoni usihangaike na mwenye nyumba, wewe muuza mapazia! Kipande cha kitambaa kizito kwa juu ya mlango, pini nne, imeisha. Simu iwe mbali na kitanda, ile sauti ya mvua mimi siikatazi maana inafunika kelele za baa, ila ipakue ili isile bando, weka simu kifudifudi upande wa pili wa chumba. Muziki ukizidi usiku wa manane nendeni wapangaji kadhaa serikali ya mtaa, mkienda wengi mnasikilizwa. Wakati mnasubiri, pamba masikioni.

Joto nalo. Usingizi unapenda mwili upoe kidogo, na hapa nitakupeleka kwa ndugu zetu Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, maana wamefundisha dunia mengi kuhusu kulala. Mwaka 2015 Jerome Siegel na wenzake walichapisha utafiti wa jamii tatu zinazoishi bila umeme, Wahadzabe wa hapa kwetu, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walivyowavalisha vifaa vya kupima wakakuta hawalali jua likizama kama tunavyodhani, wanakaa wanapiga stori kwa wastani masaa 3 na zaidi, na wanalala wakati usiku unaendelea kupoa, wengi wanaamka kabla jua halijatoka. Na masaa waliyolala kweli yalikuwa kati ya 5.7 na 7.1 tu. Nakwambia hili kwa sababu najua ukiwa kitandani unapiga hesabu, "nikilala sasa hivi nitapata masaa manne", na hiyo hesabu yenyewe inakukesha. Sio lazima ufikishe 8. Ukipata 6 mazuri utajiona mtu mwingine. Cha kuiga kwao ni ule ubaridi, na Dar tunajua bati likishachomwa jua mchana kutwa chumba kinakuwaje, kwa hiyo fungua dirisha lenye wavu mapema ukirudi, oga maji ya kawaida kama saa moja kabla ya kulala yasiwe ya friji, lalia shuka la pamba au kanga, feni ielekee dirishani mpaka chumba kipoe ndo uigeuze. Na chandarua usikiache kisa joto, mbu wa malaria wanauma usiku, homa itakunyima usingizi kuliko joto.

Kuna kitu kingine cha hao hao Wahadzabe ambacho nikikisoma nakuona wewe kwenye ule mkeka. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya watu wazima 33 waliofuatiliwa kwa siku 20, na katika siku zote hizo muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Karibu muda wote kuna mtu mmoja au zaidi yuko macho au anajigeuza, wanalindana bila kupanga zamu. Sasa wewe msibani ulikuwa na wanawake saba, shangazi anakohoa, mama anaongea chini chini na jirani, unajua mlango una watu. Kimara uko peke yako na sikio lako liko kwenye kitasa, mlinzi ni wewe mwenyewe, na mlinzi halali. Hili halitibiwi na miti wala jua. Weka komeo la pili kwa ndani, lile la chuma, la fundi wa mtaani, ongea na yule jirani mpatane kwamba mkisikia kitu mnagongeana ukuta. Na kama kuna binti unayemuamini wa kushea naye chumba fikiria, hata kodi itapungua.

Umeniuliza kama kuna miili ya shamba na miili ya mjini. Hapana. Ila nisikudanganye pia kwamba miti haina lolote. Huko Marekani mwaka 2015 watafiti wa Illinois walitumia majibu ya watu zaidi ya laki mbili na nusu, wakakuta wanaoishi karibu na maeneo ya kijani na mandhari ya asili ni wachache wanaolalamika kukosa usingizi wa kutosha, na ilionekana zaidi kwa wanaume na kwa watu wa miaka 65 kwenda juu. Mimi nauheshimu lakini sitaki uuchukue kama dawa, kwa sababu anayeishi karibu na msitu mara nyingi ana kelele kidogo, anatembea zaidi, pengine hata hela anayo, huwezi kujua kipi ndo kinamlaza. Kwenye mwanga ushahidi ni mzito zaidi kwa sababu watu walipelekwa porini wakapimwa kabla na baada. Kwa hiyo usinunue maua ukaweka chumbani ukitegemea usingizi (na wala usiyaogope, wanaosema maua yanakula hewa usiku yakakuua wanakuonea, mtu mmoja aliyelala anatumia hewa kuliko chungu cha maua mara nyingi sana). Miti nakupeleka kwa sababu ndiko uliko mwanga, ndiko utatembea, na kichwa kinatulia kule, hilo la mwisho wewe umelijua bondeni kwenu kabla yangu.

Jumapili basi, badala ya pazia, chukua rafiki mmoja nendeni mahali penye uwazi masaa mawili matatu. Coco Beach asubuhi kabla watu hawajajaa. Bustani ya mimea pale Samora karibu na Makumbusho ya Taifa, ndogo lakini ina miti mikubwa ya toka enzi za Mjerumani. Na siku ukiwa na hela kidogo nenda milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, kuna msitu wa asili kabisa, kuna kiingilio kwa hiyo uliza kwanza. Tembea mpaka uchoke, maana uchovu wa kusimama dukani masaa 12 unauma miguu lakini sio ule wa kuteka maji na kupanda mlima na kuni kichwani, mwili unaujua tofauti yake.

Piritoni acha. Ni dawa ya mzio, ule usingizi ni madhara yake tu, ndo maana unaamka umelewa. Na mtu asikupe diazepamu (vidonge vya kutuliza na kulaza) ya dirishani bila daktari, ile inazoeleka na kuiacha ni kazi. Kama unakunywa eneji mchana ili usisinzie, mwisho saa 6 mchana. Na ukiwa kitandani usingizi haujaja kama dakika 20, amka ukae kwenye kigoda gizani, kunja nguo, rudi ukisikia macho mazito, ili kitanda kisizoee kuwa mahali pa kukeshea.

Laki na nusu ya mganga ni ada ya mdogo wako. Usimpe. Chumba chako nimeshakwambia kina nini, kina taa, joto, kelele na mlango unaokutia wasiwasi, na vyote vinatengenezeka kwa chini ya elfu hamsini.

Fanya haya wiki tatu bila kuruka. Ila umeshafikisha miezi mitano, na madaktari wakiona mtu anakosa usingizi siku 3 au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu wanahesabu ni tatizo la kutibiwa, kwa hiyo wiki tatu zikipita hakuna nafuu nenda hospitali, waambie unataka msaada wa usingizi na uliza kuhusu tiba ya kubadili tabia za kulala kabla ya vidonge. Na usisubiri hata hizo wiki kama mtu amewahi kukwambia unakoroma mpaka pumzi inakata, au kama umeona hakuna kinachokufurahisha tena, unalia bila sababu, au mawazo ya kufa yanakujia. Umezika juzi. Huzuni nayo inakesha, usiione aibu kuitaja.

Na mama yako. Usimpigie tena ukiwa kitandani, mnaagana na yeye kapata wasiwasi na wewe umeongezewa mawazo ya karoti na viazi, wote wawili mnakesha. Mpigie saa 1 asubuhi ukiwa Mnazi Mmoja, yeye muda huo nadhani yuko shambani tayari. Mwambie uko nje juani, atawasikia kunguru wenyewe. Halafu wiki ya tatu niandikie uniambie unalala saa ngapi.